Firmin Hajakunja Kisu

Solange Cayrade alikuwa na hakika kwamba alikikunja. Baada ya kahawa ya asubuhi alikiosha kwa maji ya vuguvugu, akakifuta kwa kitambaa kikavu, akaurudisha ubapa ndani ya mpini taratibu kwa kidole gumba ili usigonge, halafu akakiweka juu ya rafu ya meko, kando ya saa. Alitoka kwenda kuwapa kuku chakula tu. Aliporudi, theluji ikiwa bado kwenye viatu, kisu kilikuwa mezani, wazi, mbele ya kiti cha marehemu baba yao, na ubapa wake ulikuwa na majimaji. Akauinua mpaka puani. Kitunguu kibichi.

"Régis!"

Mdogo wake alitokea mlango wa zizi, suruali imejaa majani makavu.

"Umekula nini na kisu changu?"

"Mimi? Tangu alfajiri nimekula baridi tu."

"Kinanuka kitunguu."

"Basi panya wa humu ndani wameanza kupika."

"Sina nguvu za utani leo. Fundi alisema kikikaa na maji kinashika kutu. Na kitunguu kinaula huu urembo wote."

Régis alikitazama kisu, akakitazama kiti, kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake. "Sikukigusa, dada. Hata kukiangalia sipendi."

Lilikuwa jambo geni kusikia kutoka kwa mtu aliyekwenda mwenyewe kukiagiza. Lakini Solange hakutaka kugombana. Alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka tangu mwaka ambao hata hakuukumbuka tena, na ugomvi ni kazi kama kazi nyingine.

Kule juu Aubrac, kwenye milima ya Ufaransa, ambako ng'ombe ni wengi kuliko watu, kila mwanamume hutembea na kisu chake mfukoni na hula kwa kisu hicho hicho. Zamani kisu cha baba wa nyumba kilikuwa na amri yake. Akikitoa na kukifungua, akachora msalaba chini ya mkate na kukata kipande cha kwanza, mlo umeanza. Akikikunja, mlo umekwisha, hata kama mdomo wako umejaa. Nyumba nyingi ziliacha mambo hayo zamani. Firmin Cayrade hakuacha. Televisheni iliingia, mashine ya kufulia ikaingia, na Firmin akaendelea kukunja kisu chake kwa kukiachia springi ikivute: tak! Wote wakaweka vijiko chini.

Na Firmin alikula haraka, kama mtu anayefukuzwa.

Mama yao alipofariki, Solange alikuwa msichana wa shule bado, na ndiye aliyeshika upawa. Alipakua supu ya kabichi, akarudi kuleta chumvi, akarudi kuleta divai, akarudi tena kuleta jibini na kitunguu kibichi ambacho baba hakukosa kukila kila mchana. Alipokaa hatimaye na kupuliza kijiko chake cha kwanza, tak. Sahani yake ilikwenda kwa mbwa. Mbwa wa nyumba ile walinenepa kwa chakula cha Solange. Kulikuwa na sentensi moja aliyokuwa nayo mdomoni tangu utotoni: Baba, mimi ndiyo kwanza nimekaa. Hakuwahi kuitamka. Aliimeza pamoja na mate, mchana baada ya mchana, mpaka nywele zikaanza kuota mvi.

Kisha mzee akaugua. Miguu ilitangulia, akili ikafuata, na mikono tu ndiyo iliyobaki ikikumbuka kisu. Solange alimwogesha, alimgeuza, alimkata kucha, alimbadilisha shuka. Régis alikuwa amekwisha kuandikiwa ng'ombe, malisho na trekta. Solange aliandikiwa baba. Wala hapakuwa na mtu kijijini aliyeona kwamba kuna kasoro, kwani yeye si ndiye binti?

Firmin alifia mezani, katikati ya mlo wa mchana, kitunguu mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia. Aliuliza, "Jibini iko wapi?" Solange akaenda kuileta. Aliporudi nayo kichwa cha mzee kilikuwa kimelala juu ya mkate. Halafu akaja daktari, akaja padri, wakaja majirani, kahawa ikachemshwa tena na tena, na katika vurugu zile mtu akakisogeza kisu juu ya kabati, kikiwa wazi vilevile. Hakuna aliyekikunja. Kisu kile hakuna aliyekikunja isipokuwa mwenyewe. Hata jioni, Solange alipokifuta kwa mara ya mwisho, alikilaza wazi ndani ya droo juu ya kitambaa, na wazo la kukikunja halikumjia kabisa.

Baada ya mazishi aliamua kuondoka. Alikuwa amepata kazi mjini Rodez, kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, na chumba cha kupanga juu ya duka la mkate. Kilikuwa na dirisha moja, jiko dogo na kiti kimoja. Kiti kimoja, ndicho kilichompendeza kuliko vyote.

Régis alitaka kumshukuru kabla hajaondoka. Masikini, hakujua neno asante linavyosemwa, kwa hiyo alikichukua kisu cha baba kutoka kwenye droo, akampelekea fundi Ferréol, mhunzi wa bondeni. Ubapa wa kisu kile ulikuwa umenolewa miaka mingi mpaka umekuwa mwembamba kama sindano ya kufumia, na springi ilikuwa imechoka. Ferréol alisema hakitengenezeki. Ila, akasema, ninaweza kuuchanganya ubapa huu na vyuma vingine viwili, niutie moto, niupige, niurudie tabaka juu ya tabaka, uwe chuma cha Dameski, kile chenye mistari kama mawimbi. Mzee wenu atakuwa humo ndani milele. Régis aliona ni maneno mazuri.

Na kisu kilitoka kizuri kwa kweli. Mpini ulikuwa wa pembe ya ng'ombe wao wenyewe, na ubapa ulijaa mistari iliyopindapinda, myeusi na ya fedha, kama mbao iliyorandwa vizuri. Solange alilia alipokabidhiwa pale karakanani. Katika nyumba ile hakuwahi kumiliki kitu kizuri.

"Sikiliza sasa, mama," Ferréol alimwambia, akifuta mikono. "Hiki usikitie kwenye mashine ya vyombo hata siku moja. Ukikatia tufaha au kitunguu, kioshe papo hapo. Kifute kikauke, upake ubapa mafuta ya kula kidogo tu, na hapa kwenye bawaba tone la mafuta ya cherehani. Na wakati wa kukikunja kisindikize kwa kidole gumba. Usikiachie. Mzee alikuwa anakiachia, ee? Niliona makali ya zamani yana pengo pale yanapogonga springi. Basi wewe kikunje kimya kimya."

"Nitakitunza," Solange akasema. Kutunza alikujua.

Siku ile ile walikula nacho chakula cha mchana. Na tangu siku ile ile, mambo yakaanza.

Mizuka ya hadithini hupenda usiku wa manane. Huyu aliheshimu saa za kula. Usiku nyumba ilikuwa tulivu kama kanisa, lakini jua lilipokaribia utosini, jikoni kulianza kunuka ugoro na sufu iliyolowa, harufu ya koti la Firmin likianikwa karibu na moto, na koti lenyewe lilikuwa limezikwa naye. Mkate walioufunga ndani ya kitambaa waliukuta umekatwa vipande vinene, vilivyopinda upande mmoja, kama anavyokata mtu anayeubana mkate kifuani, na chini yake pana msalaba mpya. Kisu walikikuta wazi. Solange alikiosha, akakifuta, akakipaka mafuta, akakikunja kwa kidole gumba. Kesho yake kilikuwa wazi tena, kimelowa, na doa jipya limetambaa juu ya mistari ile mizuri, naye akaanza upya kusugua, kufuta na kupaka, jinsi alivyokuwa akimfuta mdomo mtu mwingine, si muda mrefu uliopita.

Halafu ikaja njaa. Walikula viazi vya kupondwa na jibini mbichi, vile vinavyovutika kama kamba, chakula cha kumlaza mkata kuni, na walipomaliza sufuria matumbo yao yalikuwa yanalia. Régis alikonda. Mkanda wake aliutoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine.

Baada ya njaa, kiti. Mchana mmoja Régis alitaka kunyanyuka kwenda kuwapa ng'ombe majani, na hakunyanyuka.

"Solange," akasema kwa sauti ndogo sana. "Miguu yangu haitaki."

"Haitaki nini?"

"Haitaki kuondoka mezani."

Solange akadhani ni mzaha, akaenda mlangoni kumfungulia, na hapo ndipo alipojua, maana yeye miguu ilikubali kusimama, ilikubali kutembea kutoka meko hadi meza na kutoka meza hadi meko, lakini kila alipoielekeza mlangoni ilimrudisha yenyewe, taratibu, bila kumvuta kwa nguvu, ikampitisha kabatini akachukua chumvi ambayo hakuna aliyeiomba, ikampeleka kwenye sufuria, upawa ukaingia mkononi mwake, na akajikuta anapakua sahani ya tatu na kuiweka mbele ya kiti kitupu, huku ng'ombe wakilia zizini, dirisha likigeuka kutoka jeupe kuwa la kijivu, Régis akitafuna na machozi yakimdondokea ndani ya supu, na katikati ya kutafuna kwake kulisikika kutafuna kwingine, kwa haraka zaidi, kwa mtu mwenye meno machache, na nyasi zilizosukwa za kile kiti zikilia kila mlaji alipoinamia sahani.

Waliachiliwa jioni, wakati hakuna hata chembe ya mkate iliyobaki mezani. Solange akaosha kisu, akakifuta, akatia mafuta, akakikunja kimya kimya. Ndivyo alivyofundishwa.

Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Alikificha kisu zizini chini ya majani, na mchana kikawa mezani. Walijaribu kuondoka na gari kabla ya saa sita, gari likazima nje ya lango, wakajikuta wanarudi ndani kwa miguu yao wenyewe, wanavua makoti na kunawa mikono. Ghala la viazi lilikuwa linaisha. Na Jumatatu Solange alitakiwa kuripoti kazini Rodez.

"Jumatatu naondoka," alimwambia Régis asubuhi moja, wakati walipokuwa bado watu huru. "Nitatoka alfajiri, kabla hakijaamka."

Régis alikuwa anakamua. Aliacha, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. "Na mimi? Wewe angalau unasimama. Ukiondoka nani atanipakulia? Nitakaa pale mpaka nife, na hata nikifa nitakuwa bado nimekaa."

"Uza ng'ombe twende wote."

"Nani atawanunua baridi hii? Solange, usiniache naye. Wewe unamjua. Ni wewe uliyekuwa unamshika."

Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na aliongea kama alivyoongea utotoni alipovunja kitu. Solange alitazama mgongo wake, mifupa imetokeza chini ya sweta, akahisi hasira, na nyuma ya hasira ule uchovu wake wa siku zote. Akaenda ndani kupiga simu.

Josiane Trémolet alikuwa dereva wa basi la shule. Pamoja na hilo aliondoa moto kwenye ngozi iliyoungua, kwa kupuliza na kwa maneno aliyoachiwa na shangazi yake, na alikuwa na ujuzi mwingine ambao watu hawautaji kwenye simu. Alikuja mchana, kati ya safari mbili, akaliacha basi linawakawaka taa barabarani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye koti la mvua na uso wa mtu aliyeamka mapema kupita kiasi.

"Kwanza, nikimaliza msiniambie asante," alisema kwenye kizingiti. "Mkisema asante, kazi inaharibika. Pili, mimi sikai. Nasikia humu mtu akikaa hainuki."

"Ingia basi, Josiane, usimame ndani," Solange akamnong'oneza. "Saa yenyewe ndiyo hii."

Régis alikuwa mahali pake tayari, mikono juu ya meza. Kisu kilikuwa wazi mbele ya kiti kitupu. Hakuna aliyekiona kikifunguka. Harufu ya ugoro ikaingia, kisha sufu iliyolowa, na Solange akasikia miguu yake ikigeukia sufuria. Josiane alisimama na kunusa. Alitazama sahani tatu. Alisikiliza yale meno machache yakitafuna, na uso wake ukapauka, lakini sauti yake ilibaki ya mtu anayehesabu watoto ndani ya basi.

"Alifia hapa?"

"Hapo hapo," Régis akanong'ona. "Akisubiri jibini."

"Na kisu?"

"Kilibaki wazi," Solange akasema, upawa mkononi. "Halafu fundi akakifua upya. Lakini mimi hukikunja, Josiane. Kila siku hukikunja. Hukitunza kuliko ninavyojitunza mwenyewe."

"Unakikunjaje? Nionyeshe kwa mkono tu."

Solange aliweka upawa chini, akaonyesha hewani jinsi kidole gumba kinavyousindikiza ubapa mpaka ulale, bila sauti.

Josiane akatikisa kichwa. "Na Firmin alikuwa anakunjaje?"

Kutafuna kulisita kidogo, kana kwamba na wa tatu anataka kusikia.

"Kwa mlio," Régis akasema.

"Ndiyo hivyo. Mimi mwenyewe niliwahi kula hapa nikiwa mtoto, nikaacha nusu ya soseji yangu kwa ule mlio." Akamsogelea Solange, akashusha sauti. "Unakitunza vizuri mno, mwenzangu. Unamlaza kila siku kama mtoto mchanga, kimya kimya, na yeye anangoja kusikia kwamba mlo umekwisha. Huyu hatumfukuzi. Hawezi kufukuzwa mezani kwake. Anatakiwa kufungiwa mlo aende zake. Mtu wa nyumba hii akae kwenye kile kiti, akikunje kama Firmin alivyokuwa akikikunja mwenyewe."

"Fundi alisema makali yataharibika," Solange akasema, na mara moja akaona aibu.

"Yaharibike."

Macho yakamgeukia Régis, kwa sababu ndiye aliyeachiwa ng'ombe, na baba wa nyumba sasa alikuwa yeye. Régis aliinuka. Kwa kukielekea kiti kile miguu ilimkubali. Alitandaza kiganja juu ya nyasi zake, akakitoa kama aliyegusa jiko.

"Kina joto," akasema. "Dada, kina joto. Siwezi. Siwezi, ni cha baba."

Basi ikawa Solange. Hakushangaa. Alivua aproni, akaitundika mahali pake, akaenda akakaa.

Nyasi za kiti zilikuwa na joto kweli, joto la mtu aliyekaa muda mrefu, na mara alipokaa pumzi ya kitunguu ilimshukia shingoni, taratibu, ya mzee mwenye mafua, naye akanyoosha mkono akakishika kisu, na alipoukaza mkono wake juu ya mpini wa pembe alihisi kwamba hakuushika peke yake, kwamba kuna vidole vingine juu ya vyake, vikavu, vyenye fundo kubwa kwenye kidole cha shahada, na alivijua, Mungu wangu, alivijua kuliko vyake, alikuwa amevikata kucha Jumamosi zote za miaka ile, na vidole vile vilikuwa vinaushikilia ubapa usirudi, kwa nguvu ileile aliyokuwa nayo mzee alipokataa kunywa dawa, na hakuvichukia, hilo ndilo lililomtisha zaidi, hakuweza kuvichukia.

"Umeshiba, baba," akanong'ona. "Inatosha. Nenda ukapumzike. Na mimi nipumzike."

Vidole vikalegea. Solange akaondoa kidole gumba, akauachia ubapa.

Tak!

Régis akaweka kijiko chini. Josiane, ambaye hakuwa akila chochote, alijikuta anafuta mdomo. Harufu ya ugoro ikatoweka jikoni, kikabaki kiti cha nyasi, baridi kama viti vingine. Régis alitoka mbio kwenda zizini, na wakamsikia huko akiwaita ng'ombe kwa majina huku analia.

Solange akakifungua kisu kidogo kutazama. Makali yalikuwa na pengo dogo katikati, pale yalipogonga springi.

"Sasa sikiliza," Josiane akasema, akifunga koti. "Kikunje. Kiwekwe ndani ya droo ya meza hii na kibaki humo. Amezoea hapa. Msimhamishe." Alikuwa tayari mlangoni. "Na wewe nenda Rodez ukalale."

Solange alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Akampa jibini nzima iliyofungwa kwa karatasi, na Josiane akaipokea bila neno. Watoto walikuwa wanangojea basi.

Jumatatu Régis alimpeleka kituoni Espalion. Alikuwa ameanza kula na kushiba, mashavu yalikuwa yanarudi. Alisisitiza kumbebea begi, akalipakia mwenyewe, akamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida yao, wala hakumtazama machoni. Solange alidhani ni huzuni.

Kazi ya chumba cha kufulia ilikuwa mashuka, na mashuka aliyajua. Jioni alipanda ngazi juu ya duka la mkate, akawasha jiko dogo, akapika supu ya kabichi kwa mtu mmoja. Aliweka kila kitu mezani kabla hajakaa: chumvi, mkate, kipande cha jibini, glasi ya divai. Halafu akakaa. Hakuna aliyemwita. Akapuliza kijiko cha kwanza, akanywa. Akanywa cha pili. Nje taa za mtaa ziliwaka, na Solange akaanza kulia kidogo, kwa raha tu, huku anakula.

Tak.

Mkono wake uliweka kijiko chini wenyewe.

Alikaa hivyo, mikono magotini, mgongo umenyooka, mpaka mvuke ukaacha kutoka kwenye supu. Kisha akainuka, akaenda kwenye begi lililokuwa bado halijafunguliwa lote, akapekua chini ya soksi. Kilikuwa kimezungushiwa leso ya Régis, ile ya mistari ya buluu, kimefungwa mafundo mawili ya mtu aliyekuwa na haraka. Hata kikaratasi hakuweka. Ng'ombe kwake, baba kwa dada yake.

Solange hakuwa na nguvu za kukasirika. Aliifungua leso, akakiweka kisu juu ya meza, karibu na glasi, kikiwa kimekunjwa. Ikaja harufu nyembamba ya ugoro. Akakaa tena, akashika kijiko.

Ubapa ukanyanyuka wenyewe nusu, ukarudi. Tak.

"Baba," Solange akasema. Sauti ilimtoka ngeni, kavu, ya sentensi iliyokaa mdomoni miaka yote ile. "Mimi ndiyo kwanza nimekaa."

Akanywa supu. Kisu kikalia. Akakata mkate kwa mikono, akauchovya. Kikalia tena, kwa nguvu zaidi, mpaka glasi ikatetemeka, na kila kilipolia bega lake liliruka na kijiko kikasita njiani, halafu kikaendelea. Supu ilikuwa imepoa. Aliinywa yote. Akala jibini yote na ganda lake, akamaliza divai, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha mkate mpaka ikang'aa. Huko mwishoni mlio ulikuwa unakuja mara mojamoja, na dhaifu.

Alipokuwa ameshiba alikichukua kisu. Pengo kwenye makali lilikuwa limeongezeka. Kati ya mistari ile mizuri palikuwa na doa jipya, bichi, la kitunguu, na ndani ya chumba kile hapakuwa na kitunguu. Akakiosha kwa maji ya vuguvugu, akakifuta. Mafuta ya cherehani hakuwa nayo, akasema moyoni kesho atanunua. Kisha akaangaza chumba kizima akitafuta mahali pa kumweka mzee, maana kiti kilikuwa kimoja.